GLEAM-i ya FAO kwenye boma la Tabora: inafaa, ila usiiachie ijijaze yenyewe

Chukua boma la ng'ombe 60 pale Igunga: majike 24, madume 2, maksai 8, mitamba na njeku 14, ndama 12. Wote wa kienyeji. Ukifungua jedwali la mwaka 2006 la IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, ng'ombe wa Afrika asiyehesabiwa kuwa wa maziwa anapewa kilo 31 za methani kwa mwaka, na boma zima linatoka na kilo 1,860. Ukifungua jedwali lililoboreshwa mwaka 2019, ng'ombe yule yule anapewa kilo 52, na boma linafika kilo 3,120. Sasa zigeuze ziwe sawia na hewa ukaa. Za 2006 kwa kizidishio cha 28, yaani kilo moja ya methani ihesabiwe kama kilo 28 za hewa ukaa, ni tani 52. Za 2019 kwa kizidishio cha 34 ni tani 106. Hakuna ndama aliyezaliwa katikati, hakuna aliyekufa, hata majani hayajabadilika. Kilichobadilika ni jedwali alilolifungua mwandishi wa ripoti.

Hilo linatugusa kwa sababu namba hizi sasa zinaulizwa hadi ngazi ya kata. Miradi ya malisho inazitaka kwenye andiko la kwanza. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zitoke mwaka 2022, vikundi vya wafugaji vinafuatwa na watu wenye mikataba. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kipo Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, na nchi imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ya kutochukua hatua. Afisa mifugo wa Nzega au Uvinza akiombwa makadirio, mara nyingi anaelekezwa kwenye GLEAM-i. Tathmini hii ni kwa ajili yake, na kwa kiongozi wa kikundi atakayeletewa karatasi asaini.

GLEAM-i ni kikokotoo cha mtandaoni, mlango mwepesi wa kuingilia GLEAM, mfumo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa kutathmini mifugo na mazingira. Haina malipo. Inapokea ng'ombe, nyati wa kufugwa, mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku. Unachagua nchi, mnyama na aina ya ufugaji, nayo inakuletea namba za kuanzia kuhusu kundi, chakula na samadi. Zile unazozijua vizuri kuliko yenyewe unazibadilisha. Kisha unapata hali ya sasa na hali tarajiwa zikiwa zimewekwa sambamba: methani, nitrasi oksidi, hewa ukaa, pamoja na maziwa na nyama, ili uone pia gesijoto kwa kila kilo ya zao.

Ubora wake mkubwa ni kwamba inafanya hesabu ya Ngazi ya 2 ya IPCC bila kukulazimisha kuandika milinganyo. Ngazi ya 1 ni kuhesabu vichwa na kuzidisha kwa namba ya jedwali. Ngazi ya 2 inauliza ng'ombe huyu ana uzito gani, anatembea kiasi gani, anatoa maziwa mangapi, anakula nini, halafu inakadiria nishati anayohitaji na sehemu ya nishati hiyo inayopotea kwa kubeua. Methani nyingi ya ng'ombe hutokea mdomoni kwa njia hiyo, wala si nyuma kama wengi wanavyodhani. Kwa mfugaji hiyo ni nishati ya majani iliyotakiwa kuwa maziwa au minofu.

Udhaifu ni kwamba namba za kuanzia haziijui Nzega. Chombo hakikukatazi kuziacha zilivyo. Ripoti iliyojazwa kwa dakika kumi na ile iliyojazwa kwa kazi ya wiki mbili zinatoka na sura moja kabisa, desimali zile zile, grafu zile zile. Kwa hiyo mtumiaji ajue ni namba zipi zinazovuta jibu, akazitafute hizo kwa mikono yake.

Tuifanye hesabu ya jike mmoja kwa kalamu. Ana kilo 230, ananyonyesha, anatoa lita 2 kwa siku zenye mafuta asilimia 4.5. Nishati ya kuishi tu, kwa jike anayenyonyesha, ni 0.386 mara uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75: megajuli 22.8. Anatembea mbali kutafuta malisho, hivyo inaongezwa asilimia 36 ya hiyo, megajuli 8.2. Maziwa yanadai 6.5. Jumla ni megajuli 37.5 za nishati halisi kwa siku. Hii lazima igawanywe mara mbili ili kupata nishati ghafi inayopitia mdomoni: kwa sehemu ya nishati iliyomeng'enywa inayobaki kuwa nishati halisi (0.47 kwa mlo huu), na kwa mmeng'enyo wenyewe. Chakula chake kikiwa kinameng'enywa kwa asilimia 55, nishati ghafi inakuwa megajuli 145. GLEAM hukadiria sehemu inayogeuka methani kwa ng'ombe kwa kuchukua 9.75 na kutoa 0.05 mara asilimia ya mmeng'enyo. Kwa 55 jibu ni asilimia 7. Kilo moja ya methani ina megajuli 55.65. Basi jike wetu anatoa karibu kilo 66.7 kwa mwaka.

Sasa shika kila kitu kama kilivyo, badilisha mmeng'enyo peke yake. Kwa asilimia 60 anatoa kilo 56. Kwa asilimia 50 anatoa kilo 81. Pointi kumi za ubora wa nyasi zimeleta tofauti ya kilo 25 kwa jike mmoja. Hiyo ni karibu asilimia 80 ya kigezo kizima cha jedwali la 2006 (kilo 31). Namba chache za GLEAM-i zina nguvu hiyo, na bado mlo unaoizaa mara nyingi hujazwa kwa kukisia.

Kwenye GLEAM-i mmeng'enyo haujazwi moja kwa moja. Unajaza asilimia za vyakula katika mlo wa mwaka, nayo inatafuta ubora wa kila kimoja. Ndiyo maana kosa la kwanza linaingilia hapa: asilimia hizo ni za uzito mkavu, si za mzigo wa kichwani. Mfugaji wa Kasulu akikuambia anampa ng'ombe wake kilo 20 za majani ya tembo mabichi na kilo 4 za mabua ya mahindi, usiandike 83 kwa 17. Majani mabichi yakiwa na asilimia 20 ya uzito mkavu yanabaki kilo 4; mabua yenye asilimia 90 yanabaki kilo 3.6. Mlo sahihi ni 53 kwa 47. Ukikosea hapo umempa ng'ombe karamu ambayo hakuila, na methani imeshuka kwenye karatasi tu.

Kosa la pili ni majira. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na GLEAM-i inataka mlo mmoja wa mwaka. Anayekwenda kuhoji mwezi wa pili, nyasi zikiwa teke, atapata mlo mzuri kupita kiasi. Anayekwenda mwezi wa tisa ataandika mabua, maganda ya karanga na majani ya miombo pekee. Keti na mfugaji mpitie mwezi kwa mwezi: lini ng'ombe wako kwenye ngitili (malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi), lini wanaingizwa kwenye mashamba yaliyovunwa, lini wanahamia mbugani, lini mashudu ya pamba au alizeti yananunuliwa na kwa nani, kwa sababu mara nyingi mashudu huenda kwa majike yanayokamuliwa na maksai wa kulima peke yao. Kisha chukua wastani wenye uzito wa miezi. Miezi mitano ya asilimia 60 na saba ya asilimia 50 inakupa 54.2, wala si 55 ya kugawanya katikati. Vyakula vya miti uviweke kwenye kundi la majani ya miti, usivichanganye na nyasi. Kwa wanaolisha Sikonge na Kaliua sehemu hiyo si ndogo.

Kuna kipimo cha kujikagua ambacho kila mtu anayetumia chombo hiki anapaswa kukifanya kabla ya kuamini jibu. Gawanya nishati ghafi kwa 18.45 upate kilo za chakula kikavu, halafu linganisha na uzito wa mnyama. IPCC ya 2006 inaeleza kuwa ulaji wa kawaida uko kati ya asilimia 2 na 3 ya uzito. Jike wetu wa mmeng'enyo wa 60 anakula kilo 6.9, karibu asilimia 3, anakubalika. Wa 55 anafika asilimia 3.4, tayari anatia shaka. Wa 50 anatakiwa kula kilo 9.3, asilimia 4, na hilo haliwezekani kwa nyasi kavu, kwa sababu nyasi mbovu hukaa tumboni muda mrefu na mnyama hushiba kabla hajatosheka. Kinachotokea hasa kiangazi ni kwamba anakula kidogo na kukonda. Hesabu imedhani uzito wake haubadiliki, ikamlisha kwa nguvu. Ukiona ulaji umepita asilimia 3 kwa ng'ombe wa kienyeji anayechungwa, rudi kwenye uzito, kwenye mwendo, na kwenye maziwa, kabla hujagusa kitu kingine.

Uzito wenyewe una nafuu moja. Kwa kuwa umepandishwa kwa kipeo cha 0.75, kosa la asilimia 10 kwenye kilo linazaa kosa la asilimia 7.4 kwenye nishati ya kuishi. Bado, utepe wa kifuani uliochapwa kilo kwa ajili ya ng'ombe wa kizungu unaweza kukupotosha kwa zebu mwenye nundu na kifua chembamba, na kwa Ankole wa pembe ndefu wa upande wa Kigoma. Upitishe nyuma ya miguu ya mbele, nyuma ya nundu, ng'ombe akiwa amesimama sawa kwenye kibanio, asubuhi kabla hajanywa maji. Soma sentimita, usisome kilo. Halafu nenda kwenye mnada wenye mizani, pima wanyama 20 au 30 kwa utepe na kwa mizani, ujitengenezee mstari wako wa kugeuza sentimita kuwa kilo. Ni kazi ya siku moja, na namba yake itatumika miaka. Umri usomwe kwenye meno: aliyebadili meno mawili ni wa takriban miaka miwili na kitu, aliyejaza kinywa ana minne au zaidi. Kumbukumbu ya mwenye boma kuhusu mtamba aliyezaliwa mwaka wa njaa ni nzuri pia, ukiijua historia ya kijiji.

Mwendo ni namba ndogo inayosahaulika. Kigezo ni sifuri kwa anayelishwa bandani, 0.17 kwa anayelisha karibu, 0.36 kwa anayetembea mbali. Jike wetu wa kilo 66.7 za methani akihamishiwa kwenye 0.17 anashuka hadi kilo 59. Wafugaji wa Igunga wanaofuata maji kilomita nyingi kiangazi ni 0.36 bila ubishi. Ng'ombe wa maziwa wa Kigoma Ujiji aliyefungiwa bandani ni sifuri, hata kama jioni anatolewa kunyoosha miguu.

Kwenye maziwa, kosa ni kuandika yale yaliyoingia kwenye kibuyu tu. Ndama naye amenyonya, na nishati ya maziwa hayo imetoka kwa mama yule yule. Kwa hesabu ya methani andika yote. Kwa hesabu ya gesijoto kwa kila lita inayouzwa, gawanya kwa yale yaliyokamuliwa, na useme wazi kwamba umefanya hivyo. Ukichanganya hizo mbili, ng'ombe wa Urambo ataonekana mchafu au msafi kuliko alivyo, kutegemea upande uliokosea.

Sehemu ya kundi inastahili uvumilivu. Ndani yake GLEAM inagawa ng'ombe katika makundi sita: majike wakubwa, madume wakubwa, mitamba ya kurithi, madume ya kurithi, na wa nyama wa kike na wa kiume. Inaanza na idadi, kiwango cha kuzaa, vifo, umri wa kuzaa mara ya kwanza na uzito, kisha inajenga kundi lililotulia, lisilokua wala kupungua. Kwa shamba la biashara hilo linakaa vizuri. Kwa boma la Kinyamwezi au Kisukuma kuna mtu mmoja hana kiti: maksai. Yeye si dume la mbegu, wala si wa nyama anayekuzwa miaka mitatu akauzwa. Analima kwa plau, anavuta mkokoteni wa tumbaku, anakaa bomani miaka mingi. Ukimweka kwenye wa nyama, mfumo unamfikiria anaongeza uzito kila siku hadi kuchinjwa. Milinganyo ya IPCC ina sehemu yake ya kazi: asilimia 10 ya nishati ya kuishi kwa kila saa ya kufanya kazi kwa siku. Ushauri wetu ni kumtoa maksai nje ya GLEAM-i, kumfanyia hesabu yake kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, na kujumlisha mwishoni kwa maelezo. Wanane kati ya sitini si wa kupuuzwa.

Kiwango cha kuzaa kipatikane kwa kuuliza kila jike ndama wake wa mwisho wawili walizaliwa lini. Nafasi ya miezi 20 kati ya ndama ni kuzaa kwa asilimia 60 kwa mwaka (12 gawanya kwa 20). Swali la "ng'ombe wako wanazaa vizuri?" halina jibu la kuandikwa. Vifo vya ndama viulizwe kwa kuwataja mmoja mmoja, na kwa maeneo ya ndorobo, kuelekea Ugalla na Uvinza, viulizwe kwa kila umri. Baada ya kujaza, linganisha kundi ambalo GLEAM-i imelijenga na lile ulilolihesabu mlangoni mwa boma alfajiri. Likitofautiana sana, mara nyingi vifo vimeandikwa kidogo, au mfugaji ananunua mitamba kutoka nje na hukumuuliza.

Samadi ndiyo sehemu inayojazwa vibaya kuliko zote Tabora, na sababu yake inaeleweka: mtu anaona ng'ombe wanachungwa, anaandika malishoni asilimia 100. Lakini ng'ombe wanatoka bomani saa mbili au tatu asubuhi na kurudi jioni. Wakilala bomani saa 14, hiyo ni asilimia 58 ya siku, na kinyesi cha saa hizo kinarundikana pale pale mwaka hadi mwaka, kikikanyagwa na kuloweshwa mkojo. Kwa methani boma kavu halina neno kubwa. Vigezo vya 2006 kwa joto letu vinalipa asilimia 1.5 tu ya uwezo wa kinyesi kutoa methani, rundo la samadi asilimia 4, wakati bwawa la tope lililo wazi linakaribia 80. Mwenye banda la maziwa Kasulu anayesukuma kinyesi na maji kwenye shimo azingatie hapo, kwa sababu shimo lile linaweza kufuta faida yote ya mlo mzuri aliompa ng'ombe wake.

Kwa nitrasi oksidi, hali inageuka. Vigezo vya 2019 vinatoa 0.004 ya nitrojeni kwa kinyesi cha malishoni na 0.02 kwa boma kavu, mara tano. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa maboma ya wafugaji, hata yaliyoachwa muda mrefu, hutoa nitrasi oksidi nyingi ambayo ilikuwa haihesabiwi. Kuandika malishoni 100 ni kulifuta boma zima kwenye ramani.

Na hapa Tabora ina jambo la pekee linalohitaji sentensi yake kwenye kila ripoti. Mwongozo wa 2019 unagawa kigezo cha malishoni kwa hali ya hewa: 0.006 palipo na unyevu, 0.002 palipo pakavu, na katika tropiki mpaka ni milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Sehemu kubwa ya Tabora inachezea chini kidogo ya mstari huo. Milima ya Kasulu na Kibondo iko juu yake. Ng'ombe wa kilo 230, kwa kigezo cha IPCC cha 2006 cha nitrojeni, anatoa kilo 53 za nitrojeni kwa mwaka. Zote zikianguka malishoni, kwa kizidishio cha 265 cha nitrasi oksidi, mahali penye unyevu ni sawia na kilo 132 za hewa ukaa, mahali pakavu kilo 44. Kwa kigezo cha zamani cha 2006, ambacho hakikutenganisha, ni kilo 440. Chukua mvua ya miaka mingi kutoka kituo cha karibu, usichukue ya mwaka mmoja, na andika umesimama upande gani wa mstari.

Vizidishio navyo. Toleo la pili la GLEAM lilitumia 34 kwa methani na 298 kwa nitrasi oksidi. La tatu linatumia 27 na 273. Taarifa za nchi chini ya Mkataba wa Paris zinatumia 28 na 265. Chukua kilo za methani na kilo za nitrasi oksidi zenyewe, uzidishe mwenyewe kwa kizidishio ambacho mpokeaji wa ripoti anakitaka. Ripoti ya mwaka wa kwanza ya 34 ikilinganishwa na ya mwaka wa nne ya 27, mradi utaonekana umepunguza asilimia 20 ya methani bila kufanya lolote, na mkaguzi mzuri ataliona hilo asubuhi ya kwanza.

Tahadhari nyingine ya aina hiyo hiyo: GLEAM inafuata mnyororo mzima. Inahesabu kulima chakula, mbolea, kukisafirisha, nishati. Taarifa ya taifa kwa upande wa mifugo inataka methani ya tumboni na gesi za samadi; mengine yanaingia kwenye vifungu vya udongo, usafiri na nishati. Ukimpa mtu wa taifa jumla yote ya GLEAM-i, mashudu ya pamba ya Nzega yatahesabiwa mara mbili. Mpe safu zinazohusika tu.

Hali tarajiwa ndiyo sehemu inayopendwa na waandishi wa miradi, na inahitaji kushikwa mkono. Chombo kinakubali upandishe maziwa kutoka lita 2 hadi 6 bila kugusa mlo. Jike wa kilo 230 anayelisha karibu kwa mmeng'enyo wa asilimia 50 atahitaji kilo 11.4 za chakula kikavu kwa siku ili atoe lita hizo, karibu asilimia 5 ya uzito wake. Hayupo ng'ombe huyo. Kila ukigusa maziwa, gusa mlo, na useme chakula hicho kitatoka shamba la nani, kwa fedha gani, mwezi wa ngapi. Vilevile, ukipunguza vifo vya ndama bila kupunguza kundi, jumla ya gesijoto inapanda huku gesijoto kwa kilo ya nyama ikishuka. Namba zote mbili ni za kweli, na mfugaji anayeombwa kusaini mkataba wa kaboni ana haki ya kuziona zote mbili, na kuelezwa ni ipi itakayolipiwa.

Kuna jambo GLEAM-i haitakusaidia kabisa: harufu. Majirani wa banda la kuku au nguruwe pale Kigoma mjini wakilalamika, wanalalamikia amonia, gesi ya mayai viza na vumbi, na chombo hiki kinaripoti gesijoto. Hapo unahitaji kipimo cha hewa. Kwa amonia mirija ya kubadilika rangi inatosha, ikisomwa kimo cha kichwa cha ndege, alfajiri kabla mapazia hayajafunguliwa, kwa kuwa ndio muda hewa inakuwa mbaya zaidi. Sehemu 25 kwa milioni ndicho kiwango kinachotumika sana kama ukomo, kwa ndege na kwa mfanyakazi, na kila sehemu moja ni takriban miligramu 0.7 katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Kwa mbadala, programu ya IPCC ya kukusanya takwimu za taifa nayo ni ya bure, na inafaa zaidi kama kazi yako ni kujaza vifungu vya taarifa ya nchi au mkoa. Kwa kulinganisha mlo na mlo ni nzito. Jedwali lako mwenyewe la kompyuta, lenye milinganyo ya Ngazi ya 2, linakupa uhuru wa kumweka maksai na kutenganisha masika na kiangazi. Halina mtu wa kulikagua ila wewe, na kosa la mabano moja linaweza kukaa humo mwaka mzima. Njia tunayoiamini ni kufanya GLEAM-i na jedwali kwa pamoja, kwa boma moja la mfano, mpaka jike mkubwa atoke na kilo zinazokaribiana pande zote mbili. Usiendelee na maboma mengine kabla ya hapo. Na kwa kuwa mtandao wa vijijini Kaliua hautabiriki, fomu ya karatasi iende shambani, kompyuta ifunguliwe mjini.

Ripoti ikishakamilika, ukurasa wake wa kwanza uwe na haya kabla ya jumla yoyote: toleo la GLEAM lililotumika, vigezo vya 2006 au 2019, vizidishio, idadi ya ng'ombe waliopimwa kwa utepe na waliohakikiwa kwa mizani, miezi ambayo mlo ulihojiwa, saa za bomani, milimita za mvua na kituo zilikotoka, namba zilizoachwa kama chombo kilivyozileta, na ulaji wa kila kundi kama asilimia ya uzito. Nakala ya fomu ibaki kwa mwenye boma, kwa Kiswahili, ikiwa na kilo za methani za ng'ombe wake.